Daftari la Tovuti za Ijumaa

Ndani ya droo ya meza yangu ya kuwapokea wasomaji kuna daftari kubwa la jalada gumu, la kurasa 200, ambalo nililinunua River Road kwa pesa zangu mwenyewe baada ya kuchoka kuandika anwani za tovuti kwenye vipande vya karatasi vilivyopeperushwa na upepo wa dirishani kila adhuhuri. Mimi ni mhudumu katika maktaba moja ya umma upande wa Eastlands, jijini Nairobi. Sikusomea kompyuta. Nilisomea kupanga vitabu, na hadi leo nambari 496.392, ambayo katika mpango wa Dewey ndiyo makao ya lugha ya Kiswahili, hunijia kichwani upesi kuliko nambari ya simu ya mke wangu. Lakini tulipoletewa kompyuta chache na wai-fai, maswali ya wasomaji yalibadilika ghafla. Yule aliyezoea kuuliza kitabu fulani kiko rafu gani alianza kuinama mezani na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mkubwa, hii nitaipata wapi kwenye mtandao?" nami nikawa sina jibu ila kumwambia atafute.

Msimamizi wetu alikubali niitumie saa moja kila Ijumaa, kuanzia saa nane mchana, kujaribu tovuti. Nilimweleza kwamba mpishi hapakui chakula ambacho hakukionja, na kwamba haifai mhudumu wa maktaba amwelekeze mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kuingia. Alicheka, akasema nisipitishe hiyo saa moja. Nikachora safu mbili kwenye daftari: safu ya kwanza ya anwani, ya pili ya maelezo ya kazi ambayo tovuti inafanya. Safu ya tatu niliiongeza baadaye, kwa aibu.

Aibu yenyewe ilitokana na kijana aliyekuwa amepata kazi ya udereva na akahitaji cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Alikuja wakati foleni ilikuwa ndefu. Badala ya kufungua daftari, niliandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, nikamwonyesha jibu la kwanza lililojitokeza, nikaendelea kugonga mihuri kwenye vitabu. Jibu hilo la kwanza lilikuwa tangazo la kulipiwa. Ukurasa wake ulikuwa na rangi za bendera na ngao ya taifa, ukamtaka alipe shilingi 600 kwa simu ili "ombi lake lishughulikiwe." Jumatatu alirudi, akasimama mbele yangu bila kuketi. "Mkubwa, ile tovuti uliyonionyesha imekula pesa zangu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilimrudishia pesa hizo kwa mafungu mawili, la pili baada ya mshahara.

Tangu siku hiyo, kabla ya kumfundisha mtu jambo lolote lingine, humfundisha kusoma anwani. Watu wengi huisoma kama jina la duka, wakitazama mwanzo tu, na matapeli wanalijua hilo. Mimi huwaambia waitazame kama bahasha ya barua ya zamani, ambapo jina la mtu lilikuja juu, sanduku la posta likafuata, kisha mji, na nchi ikawa chini kabisa. Katika anwani ya tovuti, nchi na kabila la mwenye nyumba huwa karibu na mkwaju (/) ule wa kwanza unaotokea baada ya jina lote. Huduma za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke, vyuo kwa .ac.ke, na herufi hizo zikiwekwa katikati ya anwani, au zikiunganishwa kwa kistari, hazina maana yoyote. Ni sawa na mtu kuandika "Nairobi" kwenye kofia yake na kudai kwamba yeye ndiye jiji. Kijana yule alipata cheti chake kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya kuombea huduma, tukiwa tumeketi pamoja, nami nikiisoma anwani kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Safu ya tatu, basi, nikaiita "Nani ameitumia, na kwa swali gani." Niliamua kwamba tovuti isiyokuwa na mtu katika safu hiyo ni mgeni tu katika daftari langu, hata kama mimi nimeipenda namna gani.

Sikutarajia safu hiyo inihukumu kiasi kile. Kurasa nne nzima za mwanzo nilikuwa nimezijaza kwa ajili ya Project Gutenberg, kwa sababu historia yake ilinivutia mno: mwanafunzi Michael Hart, tarehe 4 Julai 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliketi akapiga chapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta kubwa ya chuo ili kila mtu aweze kulisoma, na kutokana na kitendo hicho leo kuna vitabu zaidi ya 70,000 vya bure. Nikaweka karatasi ukutani. Nikatangaza. Mwaka ukapita, na safu ya tatu ikawa na jina moja, langu. Sababu haikuwa ngumu kuiona nilipokubali kuitazama: vitabu vilivyomo ni vile ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vingi vya Kiingereza cha karne zilizopita, ilhali mwanafunzi anayekuja kwangu saa kumi na nusu akiwa na sare anataka kitabu cha fasihi kinachotahiniwa mwaka huu, ambacho mwandishi wake yuko hai na ana haki ya kulipwa. Tovuti dada yake kwa roho, LibriVox, ambamo tangu 2005 watu wa kujitolea husoma vitabu hivyo kwa sauti, ilipata bahati zaidi. Msomaji wetu mmoja asiyeona huja na spika zake za masikioni, na ananiambia ni msomaji yupi ana sauti ya mtu aliyelala usingizi mzuri na yupi anasoma kama anayekimbizwa.

Tovuti ambayo safu yake ya tatu ilijaa hadi nikabandika karatasi ya ziada ni ile ya Kenya Law, ambayo inaweka sheria za nchi na hukumu za mahakama wazi kwa kila mtu bila malipo. Sikuipenda mwanzoni. Ni kavu, na maandishi yake ni ya Kiingereza cha mawakili. Kisha akaja mama mwenye duka la vyombo vya nyumbani, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoandikwa kwa kalamu, ambamo mwenye nyumba alimtaka aondoke ndani ya wiki mbili. Hawakuwa na mkataba wa maandishi. Amekuwa akilipa kodi kwa miaka tisa kwa kupeana pesa mkononi na baadaye kwa simu. Tulifungua pamoja Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayowahusu wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za vyakula. Nikamsomea sentensi moja moja na kuzigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza: kwamba upangaji usiokuwa na maandishi ndio hasa sheria hii inaulinda, kwamba ilani ya kuuvunja lazima iwe katika fomu maalumu, na kwamba haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita.

"Miezi miwili imeandikwa hapo?" aliuliza.

"Imeandikwa hapa, mama."

"Niwekee kidole."

Nikaweka kidole kwenye kioo, naye akakipiga picha kidole changu pamoja na kifungu chenyewe kwa simu yake. Nilimwambia waziwazi kwamba mimi si wakili, na kwamba mahali pa kupeleka neno lake ni kwa baraza linaloamua kesi za upangaji wa nyumba za biashara. Sikuwahi kuuliza mambo yaliishaje, kwa kuwa maswali ya watu tunayaacha mezani, lakini duka lingali pale, na mara mbili nimenunua ndoo.

Kuna wakati tovuti husaidia kwa kuwa na kumbukumbu kuliko wenye mambo. Dada mmoja aliomba kazi na akatakiwa athibitishe kwamba kozi aliyoifanya ilikuwapo, lakini chuo chenyewe kilikuwa kimefungwa na tovuti yake imegeuka ukurasa mweupe. Nilikuwa nimeionja Internet Archive Ijumaa kadhaa. Ilianzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, na tangu 2001 sehemu yake iitwayo Wayback Machine humruhusu yeyote kuandika anwani ya tovuti na kuiona ilivyokuwa siku fulani ya zamani. Tuliandika anwani ya chuo, kalenda ikafunguka ikiwa na vitone kwenye siku ambazo nakala zilichukuliwa, nasi tukachagua cha 2014. Picha nyingi hazikufunguka, miraba mitupu tu, lakini orodha ya kozi ilikuwapo, na yake ilikuwa ya saba kutoka juu. Tulipoichapisha, nilimwonyesha kwamba ndani ya anwani iliyotokea kwenye karatasi kuna tarakimu 14 zilizofuatana, na kwamba hizo si fujo: nne za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku, kisha saa, dakika na sekunde ambayo nakala ile ilichukuliwa. Alizipigia mstari kwa kalamu nyekundu ili mwajiri asizipite.

Hata kumbukumbu hiyo si mwamba. Oktoba 2024 wadukuzi waliishambulia, na kwa siku kadhaa haikufunguka popote duniani. Baada ya habari hizo nilianza kuchapisha karatasi ya kila kitu ambacho msomaji angekihitaji tena, na kuweka nakala kwenye flashi. Msimamizi alilalamika kuhusu wino, na ana haki yake.

Sasa nizifikie zile tovuti ambazo wenzangu huziita za upuuzi, maana ndizo zilizoniletea watu wengi kuliko matangazo yote niliyobandika. Moja inaitwa xeno-canto. Ilianza Uholanzi mwaka 2005 kwa sauti za ndege wa Amerika Kusini, na leo ina sauti za ndege wa pande zote za dunia zilizorekodiwa na wapenzi wa ndege, kila moja ikiambatana na jina la mahali na tarehe. Mvulana wa Gredi ya 5 alikuja kuniuliza ni ndege gani anayewaamsha mtaani mwao kabla ya jua kuchomoza, "yule anayelia kama mtu amekanyagwa mguu." Nilimshuku kwarara, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda ambaye hushinda akidokoa wadudu katika nyasi zetu. Tukaifungua sauti. Sikukumbuka kwamba spika za kompyuta ile zilikuwa zimeachwa juu kabisa tangu mafunzo ya juma lililotangulia. Kwarara alilia katika chumba chote cha kusomea. Wanafunzi wa uhasibu, ambao kwa kawaida hata tetemeko la ardhi lisingewainua vichwa, walitazama dari, na askari wetu wa lango akaingia mbio na rungu lake akiuliza ndege amepitia dirisha gani. Mvulana alisema, "Ndiye," akaandika jina kwenye mkono wake kwa kalamu. Wiki iliyofuata alirudi na wenzake wanne. Kati ya hao wanne, wawili leo wana kadi za maktaba.

Nyingine ni WindowSwap, iliyobuniwa Singapore mwaka 2020 wakati wa corona na mtu na mkewe waliochoka kutazama nje kupitia dirisha lile lile. Unabonyeza, unaonyeshwa dirisha la mtu mwingine mahali popote duniani kwa dakika kumi hivi: mvua, paka, kamba ya nguo. Haina faida yoyote ambayo ningeweza kuiandika kwenye ripoti. Hata hivyo kuna msichana anayesomea uuguzi, anayekaa katika chumba kimoja na ndugu zake, ambaye hutazama dirisha moja, moja tu, kabla ya kufungua kitabu chake, na katika safu ya tatu, mahali pa swali, aliniomba niandike kwamba hana swali.

Lakini tovuti ambayo ningeitetea hata mbele ya kamati ni ile ya upepo. Anwani yake ni earth.nullschool.net, na aliyeitengeneza, Cameron Beccario, huchukua takwimu za hali ya hewa zinazokokotolewa na kompyuta kubwa za Marekani na kuzigeuza mistari inayotiririka juu ya tufe la dunia, ikipyaishwa kila saa tatu. Kwa miezi mingi niliionyesha kwa vijana wa chuo, wakasema ni nzuri, wakaendelea na shughuli zao. Safu ya tatu ikabaki tupu, nami nikawa karibu kuikata mstari.

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, baada ya swala, aliingia mzee wetu wa magazeti. Ni mzaliwa wa Pate, kisiwani huko Lamu, alifuata wanawe Nairobi alipojiwa na maradhi ya miguu, na huja kila Ijumaa akiwa amevaa kofia ya vito na koti zito, kwa kuwa baridi ya Julai jijini anaichukulia kama tusi alilotukanwa yeye binafsi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na hizo ni nywele za nani?"

Nikamwambia ni upepo, upepo wa dunia nzima kama ulivyo saa ile. Hakujibu. Alivuta kiti, akaweka kidole karibu na Madagaska, akakipandisha polepole pamoja na mistari ile, akipita pwani yetu, akiambaa na Somalia ambako rangi ilikolea kwa kasi, kisha akakipindisha kulia kuelekea Bara Hindi. "Kusi hiyo," alisema. "Tazama inavyokimbia hapo juu. Wakati kama huu nahodha mwenye akili hatoki. Hungoja demani, kusi ikipungua." Nikamweleza kwamba wataalamu wa hali ya hewa nao wanaujua mkondo huo wa kasi karibu na Somalia na wameuandikia sana, naye akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba wataalamu wamegundua ugali.

Akauliza kama mashine ile inaijua tanga mbili. Sikulifahamu neno, mimi ni mtu wa bara. Akanifafanulia kwamba ni kipindi cha kati, kaskazi imechoka na kusi haijafika, pepo hazina mwelekeo wa kutegemewa. Tovuti hiyo huruhusu kurudi nyuma katika tarehe, basi nikaipeleka hadi mwishoni mwa Machi. Mto ule wa mistari ulikatika vipande mbele ya macho yetu. Mingine ikazunguka, mingine ikafifia, na mbele ya pwani ya Lamu hapakuwa na kitu cha kuitwa upepo. Mzee akapiga paja. Nikaandika katika safu ya tatu, na yeye akasimamia tahajia ya majina ya pepo na misimu yake: kusi, kaskazi, demani, tanga mbili, matlai, umande. Nilikuwa nimepita mbele ya ramani ile kwa miezi mingi bila kuwa na hata neno moja la kuiuliza.

Kwa kuwa aliamini sasa kwamba kompyuta ina adabu kidogo, mwezi uliofuata nilimfungulia hati za kale za Kiswahili zilizohifadhiwa SOAS, Chuo Kikuu cha London, ambazo baadhi ya kurasa zake zimepigwa picha na kuwekwa wazi. Ni hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwangu zilikuwa mapambo tu. Mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akaanza kusoma kwa midomo bila sauti. Nilimuuliza kwa nini hasomi kwa nguvu. Alisema lazima kwanza aipate mizani ya shairi, kwani katika maandishi ya zamani herufi moja ilibeba b, p na hata mb, na mwandishi hakujali kuzitofautisha. Alichukua kalamu yangu akaandika neno moja dogo kwenye ukingo wa gazeti. "Hili," alisema, "ni baba. Na ni papa. Na ni bamba, na ni pamba. Utajuaje? Mpaka uusikie ubeti mzima." Alisoma hadi saa ya kufunga, na askari wa lango akaja kusimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni.

Mara ya mwisho alipoketi mbele ya ramani ya upepo ilikuwa Novemba. Aliuliza kama inaonyesha upepo wa leo tu au na wa siku zijazo, nami nikamwambia inabashiri siku kadhaa mbele. Akataka Jumatatu. Mwana wa nduguye ana mashua ya kuvulia huko Lamu, na Jumatatu angetoka. Niliisogeza tarehe, tukaona mistari inayokuja kutoka kaskazini mashariki, myepesi bado. Mzee alitoa simu yake ya vibonyezo pale pale, kinyume cha kanuni iliyobandikwa ukutani juu ya kichwa chake, nami nikajifanya ninapanga kadi.

Alimsomea kijana wake habari zote, mwelekeo na kasi, kwa sauti ya mtangazaji. Upande wa pili kulikuwa na kicheko, kisha sauti iliyosikika hadi mezani kwangu: "Ahsante, ami. Hayo nami ninayaona kwenye simu tangu asubuhi. Ila mimi nimekaa ufuoni, na upepo wenyewe unanipiga usoni."

Mzee alikata simu, akaiweka ndani ya koti, akaniomba gazeti la jana.